Mpiga Fidla wa Kujitegemea: Namna ya Kufanya Kazi Katika Taarab, Kwaya, Studio na Ngoma za Asili

Mpiga fidla anayeishi Dar es Salaam, Unguja, Mombasa au Nairobi bila kuajiriwa na kundi moja hawezi kuishi kwa aina moja ya muziki. Okestra zinazolipa mshahara wa kila mwezi ni chache mno katika eneo letu, na tangu taarab ya kisasa ilipoenea katika miaka ya 1990, vikundi vingi vimekuwa vikitoa sauti ya fidla kwenye kinanda cha umeme badala ya kumwita mpigaji. Matokeo yake ni kwamba mtu mmoja, ndani ya wiki moja, anaweza kuhitajika kupiga bashraf, yaani kipande cha taarab cha vyombo bila mwimbaji, Ijumaa usiku, kumwingiza bibi harusi ukumbini Jumamosi, kusindikiza kwaya Jumapili asubuhi na kurekodi wimbo wa Bongo Fleva katikati ya wiki. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu ambaye tayari anaimudu fidla, yaani anapiga skeli zake kwa sauti safi na anaweza kushika wimbo kwa kusoma au kwa sikio, lakini bado hajajua namna ya kutoka muziki mmoja kuingia mwingine bila kuonekana mgeni kila anapofika.

Ninaamini kwamba anayefaulu katika kazi hii si yule mwenye vidole vyepesi kuliko wenzake, bali ni yule anayejua fidla ina kazi gani katika muziki alioitiwa kabla hajafungua kasha lake. Noti zinaweza kuwa zilezile, lakini kazi hubadilika kabisa. Katika okestra ya Kizungu wapiga fidla wa sehemu moja huvuta pinde zao kwa mwelekeo mmoja na hutafuta sauti moja isiyomtambulisha yeyote. Katika taarab ya Unguja fidla zote hupiga wimbo mmoja, ila kila mpigaji huupamba kwa namna yake, na uzuri wake umo katika tofauti hizo ndogo. Katika kidumbak, yaani taarab ndogo ya kuchezwa, fidla ndiyo kiongozi, na ikinyamaza ngoma hupungukiwa. Katika kwaya fidla hujaza nafasi ambazo waimbaji wameziacha, na studio huitumia kama rangi ambayo prodyuza ataipaka anapotaka.

Kwa hiyo, unapopigiwa simu, usiulize malipo na tarehe tu. Omba rekodi mbili au tatu za kundi hilo, uzisikilize kwa makini, na kila mara usikilize kitu kimoja: kwanza nani anaanza na nani anamjibu, kisha ni chombo gani kinachoshika nafasi ambayo wewe utapewa, na mwishoni wimbo hurefushwa au hukatishwa kwa ishara ipi. Hilo la tatu ndilo linalowaangusha wageni wengi jukwaani, kwa sababu nyimbo zetu nyingi hazina urefu uliopangwa.

Taarab na kidumbak

Ninaanza na taarab na nitakaa hapo kwa muda, kwa kuwa ndiyo muziki wa pwani ambao umeipa fidla heshima kubwa zaidi. Nadi Ikhwan Safaa ilianzishwa Unguja mwaka 1905 na Culture Musical Club mwaka 1958, na mtindo wa vikundi hivyo umefuata kwa karibu okestra za Cairo: fidla kadhaa, udi, kanuni yenye nyuzi nyingi za kudonoa, nai ya kupuliza, akodiani, besi, na dumbak na rika za kupiga kwa mikono. Anayetaka kuusoma muziki huu kwa utaratibu anaweza kwenda kwenye chuo cha muziki cha nchi za jahazi, kinachojulikana kwa kifupi kama DCMA, kilichoanzishwa Mji Mkongwe mwaka 2002, ambako walimu hufundisha kwa noti na kwa sikio pia. Asiyeweza kwenda huko aombe kuhudhuria mazoezi ya kikundi kilicho karibu naye, akae nyuma ya mpiga fidla mkongwe, na asipige mpaka aambiwe apige. Wazee wa fani hii hutoa elimu kwa ukarimu kwa mtu anayekuja na adabu, na mtu wa namna hiyo huwaita mwalimu au maalim hata kama yeye mwenyewe ana shahada ya muziki.

Suala la kwanza ni nyuzi. Fidla ya kawaida hufungwa kwa mpangilio wa G, D, A na E. Wapigaji wengi wa muziki wa Kiarabu hushusha nyuzi mbili za juu kwa toni moja moja ili kupata G, D, G na D. Mpangilio huo hufanya sauti iwe nyororo zaidi, huuwezesha uzi wa wazi kuendelea kuvuma chini ya wimbo, na humruhusu mpigaji kurudia kipande kileile oktava moja juu kwa vidole vilevile. Ukiwa na fidla moja tu, usishushe na kupandisha nyuzi kila siku, kwa sababu daraja huinama taratibu kuelekea kwenye ubao wa vidole na nyuzi huchoka upesi. Ni bora kuwa na fidla ya pili ya bei nafuu ambayo hukaa katika mpangilio wa taarab wakati wote. Kama hilo haliwezekani, baki na mpangilio wako wa kawaida na ujifunze vidole vipya, kwani wimbo ukiwa safi hakuna atakayekulaumu.

Suala la pili ni maqam, yaani mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu ambayo nyimbo hujengwa juu yake. Rast, bayati na sika zina sauti ambazo hazipatikani kwenye piano. Katika bayati inayoanzia D, kwa mfano, sauti ya pili hukaa kati ya E na E iliyoshushwa nusu toni, kwa hiyo kidole cha kwanza kwenye uzi wa D husogea nyuma kidogo lakini hakifiki nyuma kabisa. Usiitafute sauti hiyo kwa mashine ya kupimia. Imba kwanza pamoja na rekodi ya msomaji wa Kurani au mwimbaji mzuri, kisha ipeleke sauti ya koo lako kwenye kidole. Kabla ya onyesho uliza kama kikundi kina akodiani au kinanda ambacho hakiwezi kutoa sauti hizo za kati. Kama kinacho, huenda nyimbo nyingi zitakuwa za hijaz, nahawand, kurd au ajam, ambazo hupigika kwa vyombo vya Kizungu bila kugongana. Ukiingiza robo toni yako huku akodiani inapiga sauti kamili, msikilizaji atadhani fidla yako imelegea.

Upinde nao una desturi zake. Mtetemo wa kidole unaotumika mfululizo katika muziki wa Kizungu hufunika mapambo ya taarab, hivyo upunguze na uutunze kwa ajili ya sauti ndefu za mwisho wa mshororo. Badala yake jifunze kuteleza kwa kidole kimoja kutoka sauti hadi sauti, kugusa sauti jirani kwa haraka, na kumjibu mwimbaji kwa kipande kifupi anapovuta pumzi. Jibu lisizidi nafasi aliyoiacha. Mwimbaji akianza ubeti, fidla hurudi nyuma yake hata kama kipande chako bado hakijaisha.

Na hapa ndipo lile suala la urefu linapojitokeza. Katika shughuli ya harusi wanawake huja mbele kumtunza mwimbaji kwa fedha, na anapotunzwa huweza kuurudia mshororo uleule mara nyingi kadiri safu ya watunzaji inavyozidi kuja. Mpiga fidla aliyeyakodolea macho makaratasi atapotea mara moja. Mtazame mwimbaji na mpiga dumbak, na uwe tayari kulirudia jibu lako huku ukilibadilisha kidogo kila mara.

Kidumbak kinahitaji nguvu za aina nyingine. Hapo kuna ngoma ndogo mbili, besi ya sanduku, cherewa za kutikisa, mkwasa wa kugonga na fidla moja, nayo fidla hubeba kazi ambayo katika taarab kubwa hugawanywa kwa vyombo vingi. Nyimbo zinazojulikana za taarab huunganishwa moja baada ya nyingine kwa mwendo wa kasi huku watu wakicheza. Piga kwa vipande vifupi vya upinde karibu na katikati yake, tumia nyuzi mbili kwa pamoja ili sauti ifike mbali, na uzoeze mkono wa kulia kwa muda mrefu nyumbani kabla hujakubali kazi, maana uchovu wa bega ndio unaomaliza wapigaji wa kidumbak. Msikilize Makame Faki, aliyejulikana kama Sauti ya Zege, uone jinsi sauti kavu na kali ya fidla inavyoweza kuongoza uwanja mzima.

Kwaya na harusi za kanisani

Waimbaji wengi wa kwaya zetu husoma kwa solfa, yaani do, re, mi, na do yao huhama kulingana na ufunguo wa wimbo. Mwalimu wa kwaya atakuambia kwamba do ni A iliyoshushwa nusu toni na atategemea uanze mara moja. Kwa hiyo, fanya mazoezi ya skeli katika funguo ambazo wapiga fidla huzikwepa, hasa zile zenye E, A na B zilizoshushwa, na uziimbe kwa solfa unapozipiga, ili mwalimu anapoimba kipande kwa majina ya solfa mkono wako uelewe bila kutafsiri.

Mpiga kinanda wa kanisani ana mazoea mengine ambayo ni lazima uyajue. Wengi wao hupiga kwa vidole vya C na kubonyeza kitufe kinachohamisha sauti, kwa hiyo ukimuuliza yuko ufunguo gani atakujibu C, ilhali sauti inayotoka kwenye spika ni E iliyoshushwa nusu toni. Muulize sauti inayotoka, au mwombe apige do kisha uitafute wewe mwenyewe. Kadhalika jua kwamba kwaya nyingi huupandisha wimbo nusu toni au toni nzima katika ubeti wa mwisho, na mara nyingi hakuna atakayekuambia mapema.

Kazi yako kwenye kwaya ni ndogo kuliko unavyofikiri. Usipige wimbo wa sauti ya kwanza mwanzo hadi mwisho, kwa sababu waimbaji tayari wanauimba. Tafuta mstari wa sauti ndefu katikati ya sauti ya pili na ya tatu, ingia pale waimbaji wanaponyamaza, na uache ubeti mzima upite bila fidla, kwani ukirudi baadaye kanisa litakusikia.

Studio

Prodyuza wa Bongo Fleva au Afrobeti kwa kawaida hana okestra, anaye wewe peke yako na anataka ulete sauti ya watu wengi. Njia inayofanya kazi ni kurekodi kila mstari mara tatu au nne, na kila mara kubadilisha kitu halisi: mara moja karibu na maiki, mara nyingine hatua mbili nyuma, mara moja kwa mtetemo mwingi wa kidole na mara nyingine kwa mdogo, na kama una fidla ya pili itumie pia. Kuinakili rekodi moja kwenye kompyuta mara nne hakutoi sauti ya watu wanne, bali hutoa sauti ya mtu mmoja iliyokuzwa.

Ukirekodi nyumbani, chagua chumba chenye magodoro, mapazia na nguo, zima feni, na uweke maiki juu ya fidla kwa umbali wa takriban nusu mita hadi mita moja. Mtumie prodyuza faili za WAV za biti 24 zisizo na mwangwi wowote wa bandia, zote zikianzia sekunde ya kwanza ya wimbo ili azipange bila kubahatisha, na kila faili iandikwe jina la wimbo, mstari, ufunguo na kasi. Usizitume kama ujumbe wa sauti wa simu, maana huminywa na kupoteza ubora. Ukizingatia hayo, prodyuza atakupigia tena, kwa kuwa umemwokoa na saa nzima ya kupanga faili.

Kukutana na zeze na orutu

Eneo letu lilikuwa na vyombo vya upinde kabla ya fidla ya Ulaya kuenea. Wagogo wa Dodoma wana zeze, Wajaluo wana orutu yenye uzi mmoja, Waganda wana endingidi, Wakikuyu wana wandindi. Ukialikwa kupiga pamoja na mtaalamu wa chombo kama hicho, sogea kwenye sauti zake wala usimtake yeye aje kwenye zako. Muziki wa Wagogo, ambao dunia iliufahamu zaidi kupitia mwanamuziki Hukwe Zawose aliyefariki mwaka 2003, hujengwa juu ya sauti asilia zinazotokana na mtetemo wa uzi wenyewe, na mojawapo ya sauti hizo, ile ya saba, iko chini ya sauti inayolingana nayo kwenye piano kwa karibu theluthi moja ya nusu toni. Piano haiwezi kuifikia, lakini fidla inaweza, na hiyo ni sababu kubwa ya kumwita mpiga fidla badala ya mpiga kinanda.

Orutu, kwa upande wake, haitulii. Mstari wake mfupi huzunguka na kuzunguka huku pete ya chuma ikigongwa kuweka mwendo, na mpigaji huimba juu yake. Mpiga fidla aliyefunzwa Kizungu hutamani kuongeza sauti ndefu tamu juu ya mzunguko huo, na mara nyingi huuharibu. Shika mzunguko wako mfupi, tofauti na wake, unaoingia katikati ya mapigo yake, na uushikilie kwa dakika tano bila kuubadilisha. Ukiweza hilo, mabadiliko madogo utakayofanya baadaye yatakuwa na maana. Hakikisha pia kwamba mtaalamu huyo analipwa kama wewe na jina lake linaandikwa palepale lilipoandikwa lako. Mara nyingi mwenye fidla hupewa chumba cha hoteli na mwenye zeze hupewa nauli tu, na ni wajibu wa mwenye fidla kulisema hilo kwa mwandaaji kabla ya mkataba.

Sauti jukwaani na afya ya chombo

Kwenye ukumbi wenye magitaa na ngoma, maiki iliyowekwa mbele yako itabeba kila kitu isipokuwa fidla. Nunua kinasa sauti (pickup) cha kubana kwenye daraja pamoja na kikuza sauti kidogo (preamp) kinachofaa kinasa hicho, kwa sababu ukikiunganisha moja kwa moja kwenye mashine ya kuchanganya sauti, fidla hutoka nyembamba na yenye makelele. Mwambie fundi mitambo apunguze sauti kali za kati ya kilohezi 2 na 4, na usimame pembeni ya spika, kamwe usiwe mbele yake. Katika taarab isiyo na magitaa ya umeme, maiki moja nzuri kati ya wapigaji wawili hutosha na husikika vizuri zaidi.

Unyevu wa pwani ni adui wa kudumu. Wakati wa masika vigingi huvimba na kukwama, na ukipanda kwenda Dodoma au Nairobi, au ukiingia kwenye ukumbi wenye kiyoyozi kikali, hulegea na nyuzi zote zikafunguka. Fika mapema ili fidla izoee hewa ya mahali. Usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani hata kwa muda mfupi, kwani gundi ya wanyama inayoshikilia mbao hulainika kwa joto. Kiungo kikiachia, usikubali seremala akigandishe kwa gundi ya dukani isiyofunguka, kwa sababu fundi wa fidla atakayekuja baadaye atalazimika kuvunja mbao ili aitengeneze. Kwenye kasha weka seti kamili ya nyuzi, rozini mbili na upinde wa akiba.

Malipo na haki

Bei ya kazi haihesabiwi kwa dakika ulizosimama jukwaani. Hesabu siku za mazoezi, nauli ya kwenda na kurudi pamoja na boti kama unavuka kwenda Unguja, muda wa kuandika mistari ya wimbo mpya, na vifaa vya sauti unavyokuja navyo. Kwa harusi, taja saa ya kufika na saa ya kuondoka, kwa kuwa shughuli iliyopangwa kuanza saa moja jioni inaweza kuanza saa tatu usiku, na eleza mapema kwamba kila saa inayozidi ina malipo yake. Omba nusu ya fedha kabla ya siku yenyewe. Ujumbe wa simu wenye tarehe, mahali, muda, kiasi na nani analipia nauli ni bora mara elfu kuliko maneno ya mdomo, hata kwa rafiki, na hasa kwa rafiki. Hoteli na kampuni zitakuomba namba ya mlipakodi na ankara, kwa hiyo uwe navyo kabla hujaulizwa.

Kwa kazi za studio ni lazima mkubaliane kuhusu mambo mawili kabla ya kurekodi. La kwanza ni kama unalipwa mara moja tu au utapata sehemu ya mapato, na kama wewe ndiye uliyetunga mstari wa fidla ambao wimbo umejengwa juu yake, una haki ya kudai kutambuliwa kama mtunzi mwenza. La pili ni kama prodyuza anaruhusiwa kuutumia mstari huo katika wimbo mwingine, jambo ambalo hutokea mara nyingi kimyakimya. Sheria ya hakimiliki na hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inawatambua wapigaji na si watunzi peke yao, na COSOTA ndiyo ofisi inayoisimamia Bara, wakati Zanzibar kuna COSOZA na Kenya kuna KECOBO. Jisajili katika ofisi ya mahali unapofanya kazi, hifadhi faili za awali za kila rekodi pamoja na tarehe zake, na kabla wimbo haujatoka mwombe prodyuza akuonyeshe orodha ya majina atakayoipeleka kwenye mitandao ya kusambazia muziki, usome jina lako limeandikwaje na limewekwa kwenye kazi ipi.